Uani si Jaani

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha za Kiswahili nchini Kenya anakijua kijiji kimoja kisichokuwamo katika ramani yoyote. Katika kijiji hicho jua huchomoza kwa madaha kila asubuhi, umande humetameta juu ya majani, ndege huimba kwa zamu kama wanakwaya, na mto wa maji maangavu hupita katikati bila kukauka wala kufurika. Wakazi wake hupendana kama chanda na pete. Hakuna anayeugua, hakuna anayedaiwa, wala hakuna atupaye taka, kwa kuwa mtungaji hajapata kufikiri kwamba watu wanaoishi mahali hula, na wanaokula hubakisha maganda.

Nimekipitia kijiji hicho kwa kalamu nyekundu mara nyingi kuliko nilivyopita mtaa wowote wa Mombasa. Nimekikuta katika daftari za watoto wa Kisauni, wa Likoni na wa Changamwe, na wenzangu waliofundisha bara wananiambia kuwa wamekikuta huko pia, na umande wake ule ule. Si ajabu. Vitabu vya misemo vimeuzwa kwa miaka mingi, na mtahiniwa aliyejua kupamba alitarajia alama. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini kijiji chake hakikufa nao.

Hoja yangu leo si juu ya mitihani. Ni kwamba mtoto aliyezoeshwa kukisifu kijiji kisichokuwako hukosa maneno siku anapotakiwa kukitetea kijiji kilichoko. Na kijiji kilichoko, kwa sisi wa Mombasa, hakiko mbali. Kinaitwa Mwakirunge.

Wapo wakazi wa kisiwani ambao wamezaliwa na kuzeeka bila kufika huko, na ukiwaambia kwamba Mwakirunge ni Mombasa watakukatalia. Kwao Mombasa ni Mji wa Kale, Makadara, Majengo, Tudor. Ukivuka daraja la Nyali ni mahoteli ya Bamburi na Shanzu. Ukivuka kwa feri ni Likoni. Ukitoka kwa Makupa ni bandari na viwanda vya Changamwe. Kumbe Mwakirunge ni wadi kamili ya eneo bunge la Kisauni, mojawapo ya maeneo bunge 6 ya kaunti hii. Iko ndani, nyuma ya ukanda wa pwani, katika ile ardhi iliyo baina ya mkono wa bahari wa Mtwapa na ule wa Tudor, ikipakana na Kaunti ya Kilifi. Ukitoka barabara kuu ya Malindi ukaelekea bara, ukaviacha vilima vya Nguu Tatu, kelele za matatu hupungua, mawe ya matumbawe huwapisha udongo, na kabla hujatanabahi umo miongoni mwa minazi na miembe.

Jina la Nguu Tatu peke yake ni somo. Nguu ni kilele. Neno hili limo katika kamusi na katika tungo za zamani, na watoto wetu hulikariri kama msamiati mgumu, ilhali wapo wanaopita chini ya nguu zenyewe kila siku wakienda shule. Na hilo la Mwakirunge, je? Silabi yake ya kwanza ndiyo ile tunayoisikia katika majina mengi ya koo na ya mahali, kwa Wamijikenda na kwa Wataita: Mwavumbo, Mwatate, na mengineyo. Mwanafunzi aliye karibu na wazee hana haja ya kamusi hapo. Aende aulize ni nani aliyempa nani jina, na arudi na jibu darasani.

Mandhari ya pale hayahitaji kupambwa. Ardhi hupanda na kushuka polepole, mashamba ya mahindi na mihogo yakifuata mteremko, kunde zikitambaa chini yake. Minazi imesimama peke peke au kwa makundi, mingine imekatwa vidato vya kupandia mgema. Kuna miembe mikubwa ambayo kivuli chake ni ukumbi wa mikutano, na mikorosho, ambayo wenyeji hupenda kuiita mikanju, iliyojiinamia kama inayosikiliza. Kwenye mabonde yanayoelekea mikono ya bahari utaona kijani kingine, cha mikoko. Mvua za masika zikikawia, kijani chote hicho hugeuka kahawia na akina mama huongeza mwendo wa kutafuta maji. Hilo nalo ni sehemu ya mandhari, ingawa halimo katika vitabu vya misemo.

Nimetumia neno kijiji. Wengine watasema ni mji mdogo, maana kuna maduka, misikiti, makanisa, shule, bodaboda zinazongoja abiria, na kibanda cha kuuzia mbamba wa kashata na simu. Sina ugomvi na neno lolote. Kinachonishughulisha ni namna watu wanavyoishi pamoja, kwa sababu hapo ndipo tofauti yake na mitaa yetu ya mjini inapodhihirika.

Chukua kazi ya shamba. Wamijikenda wana desturi ya mweria: jirani huwaalika majirani kulima au kuezeka, yeye huandaa chakula, na kesho zamu huhamia kwa mwingine. Nyumba ya makuti ina kazi ya wengi. Akina mama husuka makuti, vijana huparamia paa, na mzee mmoja hukaa chini akitoa makosa ambayo hakuna aliyemuuliza. Makuti hayo hayo, ukitaka kujua, ndiyo yanayoezekea vibanda vya mahoteli ambamo wageni hukaa wakidhani wanaitazama Afrika kwenye bahari, na Afrika iliyowasukia paa iko nyuma yao. Chukua msiba. Hanga likilia, yaani matanga yakianza, hakuna anayeuliza marehemu alikuwa wa dini gani kabla ya kuleta kuni. Mwislamu, Mkristo na yule anayefuata mila za wazee huketi kwenye majamvi yaliyotandikwa chini ya mwembe mmoja, mchango ukaandikwa katika daftari la shule, jina kwa jina, hata wa shilingi hamsini. Nimeziona daftari hizo. Ni hati za kihistoria kuliko kumbukumbu nyingi zilizofungiwa maofisini, na mwalimu wa historia angefanya vyema kuwaonyesha vijana wake moja.

Sisemi kwamba huko ni peponi. Pombe ya mnazi ina baraka zake, hakuna posa wala tambiko la Mijikenda lisilokuwa na kadzama, na ina wafu wake pia. Wapo wazee walioishi kwa hofu kwa sababu vijana wa ukoo waliwashuku uchawi. Jambo hili limeua watu katika kaunti ya jirani na limetuaibisha sote. Wapo wasichana waliokatizwa masomo. Anayekiandika kijiji bila mambo haya anarudi kwenye ule umande.

Eneo hili, aidha, si la juzi katika historia. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha kituo chao Rabai, wakisafiri kwa chombo kuupanda mkono wa bahari ule ule wa Tudor. Mwaka 1862 Thomas Wakefield akaanzisha misheni ya Wamethodisti huko Ribe. Mwaka 1875 Freretown ikaanzishwa Kisauni kwa ajili ya waliookolewa utumwani. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf, iliyochapwa mwaka 1882 baada ya yeye kufa, ina deni kubwa kwa vinywa vya watu wa nchi hii ya nyuma ya Mombasa. Makaya ya Wamijikenda, ikiwemo Kaya Ribe iliyo ng'ambo tu, yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kwa hivyo anayedhani kwamba ustaarabu wa Pwani ulikomea ukutani pa Fort Jesus na hapo nyuma pakawa pori tupu, ameusoma upande mmoja wa karatasi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niishike kalamu.

Nyumba ya Kiswahili, kama tujuavyo, ina baraza mbele na ua nyuma. Mgeni hukaribishwa barazani. Uani ndipo penye jiko, kisima, kinu na mbuzi ya kukunia nazi. Ndipo chakula cha baraza kinapotoka. Mombasa nayo ina baraza lake: ufuo, ngome, mahoteli, bandari. Na ina uani wake, ambao ni Mwakirunge na sehemu chache zilizobaki za mfano wake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, kwenye ardhi isiyozidi sana kilomita 220 za mraba. Ardhi ya kulima katika hesabu hiyo ni kidogo mno. Na hapo, katika kidogo hicho, ndipo mji ulipoamua kuweka jaa lake kuu.

Kwa miaka mingi taka za Mombasa zilimwagwa Kibarani, kando ya bahari, palepale mgeni atokaye Nairobi kwa gari anapoingia kisiwani. Harufu ilimpokea kabla ya mwenyeji. Viongozi waliona aibu, na ilikuwa aibu kweli. Mwaka 2018 jaa lile likafungwa, miti na nyasi zikapandwa, na watu sasa hupiga picha pale. Nilifurahi kama walivyofurahi wengine. Lakini taka hazifi kwa kuhamishwa. Lori lililokuwa likienda Kibarani lilielekezwa Mwakirunge, na kilichokuwa aibu barazani kikawa jambo lisiloonekana, kwa kuwa kipo uani. Swali langu ni moja: kama jaa lililo wazi lilikuwa baya mbele ya macho ya watalii, ni kitu gani kinachoweza kulifanya liwe zuri mbele ya macho ya wakulima?

Jaa la wazi si rundo tu la uchafu. Maganda na mabaki ya chakula yakifukiwa pasipo hewa huoza na kutoa gesi iwakayo moto, ndiyo maana majaa hufuka moshi hata pale ambapo hakuna aliyewasha kiberiti. Mvua ikinyesha, maji hupenya katika betri, rangi, dawa na vyuma, yakatoka chini yakiwa meusi na kufuata mteremko. Mteremko wa Mwakirunge nimeshaueleza: unashuka mashambani, kisha mabondeni, kisha mikokoni. Moshi nao hauna mpaka wa shamba. Huingia darasani mwalimu akifundisha mada ya hewa safi.

Linalonikera zaidi ni upotevu wenyewe. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka ni vitu vinavyooza. Embe hutoka shambani Mwakirunge, likaenda soko la Kongowea, likaliwa Tudor au Nyali, na ganda lake likarudi Mwakirunge kwa lori. Lau lingerudi peke yake lingekuwa mbolea, na shamba lingelipwa lilichokitoa. Lakini hurudi limechanganywa na nepi, vioo, waya na betri, na hapo ganda lililokuwa baraka hugeuka sumu. Kinachotenganisha mbolea na sumu ni ndoo ya pili jikoni. Nasema ndoo ya pili, si mtambo wa mabilioni.

Na hiyo ndoo ya pili si ndoto ya mwalimu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imewapa serikali za kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imetaka taka zinazooza zitengwe na zisizooza tangu zinapotoka, na imezitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia vinavyoweza kutumika tena. Wapo watakaonicheka: sheria ngapi zimelala makabatini? Ni kweli, lakini wakumbuke tarehe 28 Agosti 2017, ambapo mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini. Walisema hapo pia kwamba haitawezekana. Wiki chache baadaye nchi nzima ilikuwa ikibeba vikapu. Mkenya si mgumu wa kufuata sheria. Ni hodari wa kutambua sheria ambayo mwenyewe aliyeitunga haijali.

Msomaji aliye mbali na jaa huenda akaona nimekuza jambo. Namkumbusha Kampala. Mnamo Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jaa la Kiteezi liliporomoka juu ya nyumba za jirani na kuua watu zaidi ya 30. Addis Ababa, Machi 2017, jaa la Koshe liliua zaidi ya 100. Hayo majaa nayo yalianza yakiwa mbali na watu, kisha watu wakasogezwa kwayo na umaskini, na rundo likaendelea kupanda. Mwakirunge leo bado kuna nafasi baina ya rundo na nyumba. Nafasi hiyo haitadumu, kwa maana mji unapanuka kuelekea huko huko.

Namkumbusha pia Mombasa yenyewe. Katika mtaa wa Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilianza kazi mwaka 2007, na madini ya risasi yakaingia katika damu za wakazi na watoto wao. Phyllis Omido, mama ambaye mwanawe mchanga aliugua, alisimama na majirani zake hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jamii ile ilipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe miaka: tangu 2007 hadi 2024 mtoto aliyezaliwa siku moshi wa kwanza ulipotoka amemaliza shule ya upili. Sheria ilishinda, naam, lakini damu haikungoja hukumu. Ndiyo sababu nasema Mwakirunge isemewe sasa, kabla haijahitaji mawakili.

Vijana wanaosoma somo la uraia wangefaa kukifungua Kifungu cha 42 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, kisha wakifungue cha 70. Hicho cha pili kina jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: anayekwenda mahakamani kudai haki hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia. Katika nchi ambayo tumezoea kungoja maiti ndipo tuunde tume, hilo ni neno zito.

Kuna hoja dhidi yangu ambayo siwezi kuipita. Jaa lina watu wake. Wapo wanaoamka alfajiri kwenda kuchakura chupa, vyuma na plastiki, wakaviuza kwa uzani, na kwa fedha hiyo watoto wao wakasoma, pengine katika darasa langu. Tunawaita machokora, neno baya ambalo ningependa walimu walifute vinywani mwa wanafunzi; kazi wanayoifanya ni ile ile ambayo sheria ya 2022 inazitaka kaunti zijenge vituo kwa ajili yake, isipokuwa wao huifanya bila glavu, bila viatu na bila bima. Anayesema jaa lifungwe kesho hajafikiri watakula nini keshokutwa. Mimi sisemi lifungwe kesho. Nasema wachakuraji hao wawe wa kwanza kuajiriwa pindi kituo cha kuchambulia kitakapojengwa, kwa kuwa hakuna mhandisi anayeijua taka ya Mombasa kama wao. Na lori lililobeba taka zisizotengwa lirudishwe lilikotoka. Likirudishwa mara tatu, mtaa wa lilikotoka utanunua ndoo ya pili.

Hoja nyingine husemwa kwa sauti ya chini: kwamba watu wa huko hawana hati, kwa hiyo hawana neno. Hapa ndipo ninapoomba wanafunzi wa historia watege sikio. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa ajitokeze, athibitishe madai yake na kuandikishwa; isiyoandikishwa ikawa ya Serikali ya Mfalme. Waliojua kusoma, waliokuwa karibu na maofisi na waliokuwa na uwezo wa kumlipa mpimaji waliandikisha. Wakulima wengi wa Kimijikenda, ambao kwao ardhi ilikuwa ya ukoo na ushahidi wake ulikuwa makaburi na minazi, wakaamka siku moja wakiwa maskwota penye makaburi ya babu zao. Ndipo Mombasa ikawa na kile kioja cha nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, na kodi ya kiwanja unalipa.

Kwa mila za Pwani mti una mwenyewe, hata ardhi ikiwa ya mtu mwingine. Mnazi wetu mrefu hungoja miaka sita au saba kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa zaidi ya miaka hamsini. Kupanda mnazi ni kutamka kwamba mjukuu wangu atakuwa hapa. Wenye hati walilielewa hilo vyema, na ndiyo maana mara nyingi maskwota waliruhusiwa kulima mahindi na kukatazwa kupanda miti ya kudumu. Sasa tazama ukubwa wa jambo hili. Watu walionyimwa ruhusa ya kupanda kitakachodumu wanaletewa plastiki, ambayo itadumu kuliko mnazi wowote, na hakuna aliyeuliza ruhusa ya nani.

Tume ya Taifa ya Ardhi ipo tangu 2012, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa mwaka 2016. Hati zimetolewa hapa na pale pwani, nyingine kwa vifijo vya wakati wa kampeni. Naamini kijiji chenye hati kingepatana na mji kwa heshima: kingeweza kukodisha, kukataa, au kutoza. Kisicho na hati huambiwa. Na panapotokea hati bila ushauri, hutokea balaa la pili. Mwenye shamba huuza ploti moja alipe karo, nyingine alipe hospitali, ya tatu anunue pikipiki, na baada ya miaka kumi yeye ni mpangaji katika mtaa uliobeba jina la ukoo wake. Simlaumu mtu kuuza chake. Ningependa tu kaunti iamue kwa ramani, na kwa maandishi, ni ardhi ipi itakayobaki ya kilimo, kwa kuwa ikingoja soko liamue, soko limekwisha kuamua.

Kama kuna anayedhani ardhi iliyoharibiwa haina dawa, hana haja ya kwenda ng'ambo. Jirani wa Mwakirunge ni Bamburi, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba matumbawe hadi nchi ikabaki mashimo meupe yanayomulika jua. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti mle. Mvinje ulistahimili. Lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, hadi alipowaleta majongoo, wale jongoo wakubwa wenye miguu mekundu ambao watoto huwachokoza kwa vijiti. Jongoo wakayala majani, kinyesi chao kikawa udongo, katika udongo ikaota miti mingine, na leo panaitwa Haller Park, ambapo shule huleta watoto kwa mabasi kutazama twiga na viboko. Mabasi hayo yakimaliza kutazama viboko yangeweza kuendelea mbele kidogo, yakaingia bara. Mwalimu awaonyeshe watoto shimo lililoponywa na rundo linaloumiza siku moja, kisha awaache waandike bila kuwapa msemo hata mmoja.

Mtaala wa umilisi unadai kwamba mwanafunzi atumikie jamii yake na ajifunze kwa kutenda. Basi nafasi ndiyo hii. Shule ya kisiwani ipime taka zake kwa wiki moja, iandike ni kilo ngapi zinaoza na ni ngapi haziozi. Shule ya Mwakirunge ihesabu malori yapitayo katika saa moja ya masomo na iandike siku ambazo madirisha yalifungwa kwa sababu ya moshi. Zipeane barua, kwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo lugha ambayo mji na shamba wanashiriki bila mkalimani. Baada ya muhula mmoja watakuwa na takwimu zao wenyewe, zenye tarehe, ambazo wanaweza kuzipeleka mbele ya diwani wa wadi yao na kumwomba azisome kwa sauti katika bunge la kaunti. Diwani huogopa vyombo vya habari kidogo, na wapinzani wake kiasi, lakini barua ya watoto mia mbili ambao wazazi wao ni wapiga kura huisoma mara mbili.

Nami mwakani nitatoa mada ya insha kama kawaida: Elezea kijiji unachokijua. Nitakayemkuta ameandika umande nitamuuliza ni umande wa shamba la nani. Atakayeandika juu ya mteremko, minazi, daftari la matanga na lori linalopita saa nne asubuhi, nitaisoma insha yake hadi mwisho, hata kama hakuweka methali yoyote ndani yake.